Sifuri za Mwanzo: Namna Mfuatano wa Biti Unavyogeuka Baiti

Mhadhara uliotolewa Lugarawa, wilayani Ludewa, mbele ya walimu, watumishi wa afya, wanafunzi na wananchi





Nimekuja na lengo moja. Nataka kuonyesha kinachotokea pale mstari wa sifuri na moja, ulioandikwa kama maneno, unapogeuzwa kuwa baiti za kompyuta, na kwa nini jibu hutegemea makubaliano ambayo mstari wenyewe hauyasemi. Nitatumia lugha ya Python, kwa kuwa ndiyo vijana wengi huanza nayo, na nitazigusa JavaScript na Perl kwa pembeni. Kuhusu mifano, nimekataa ile ya vitabuni. Nimechagua kitu kilichomo ndani ya simu zenu: tokeni ya LUKU.

Mwenye mita ya LUKU, awe Ludewa, Njombe mjini au Makambako, anaijua shughuli yenyewe. Unalipa kwa simu, ujumbe unaingia, unasimama mbele ya mita huku unasoma kwa sauti, nne nne, mpaka tarakimu 20 zitimie. Mita inakubali, uniti zinapanda. Ajabu ni kwamba mita haikuuliza mtu. Haina laini ya simu, haikuwasiliana na ofisi ya TANESCO, haijui kama umelipa kwa wakala au benki. Kila ilichohitaji kukijua kimo ndani ya tarakimu zile 20.

Kiwango kinachotawala namba hizo huitwa STS. Kilizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo ni kiwango cha kimataifa chenye jina IEC 62055-41. Kwa mujibu wake, tokeni ya kununulia umeme ni biti 66, yaani sifuri au moja 66 zilizopangwa: biti 2 za daraja la tokeni, 4 za daraja dogo, 4 za bahati nasibu, 24 za muda iliponunuliwa, 16 za kiasi cha uniti, na 16 za kuhakiki kwamba hakuna tarakimu iliyokosewa. Namba kubwa kabisa inayoweza kuandikwa kwa biti 66 ni 73,786,976,294,838,206,463. Ihesabuni: tarakimu 20, na ya kwanza ni 7. Ndiyo sababu, mkienda nyumbani mkapekua ujumbe wote wa LUKU mliowahi kupokea, hamtakuta tokeni inayoanza na 8 wala 9.

(Naona simu zimeshatolewa mifukoni. Pekueni, lakini masikio yabaki huku.)

Hoja ya kwanza: moja iliyoandikwa si biti

Mtu anayeshughulika na vifurushi vya namna hii hupenda kuviandika kama mfuatano wa herufi, "0100…" na kuendelea. Ana sababu nzuri. Mfuatano wa herufi hukatika kirahisi: chukua 2 za kwanza, kisha 4, kisha 4, kisha 24, kisha 16, kisha 16. Kwa macho unaona kila sehemu inaanzia wapi. Lakini kompyuta inapouhifadhi mfuatano huo, haihifadhi biti. Inahifadhi picha ya biti. Herufi "0" ina namba yake katika jedwali la herufi, nayo ni 48. Herufi "1" ni 49. Ukiiambia Python

"01000001".encode()

utapewa baiti nane: 48, 49, 48, 48, 48, 48, 48, 49. Ukiiambia

int("01000001", 2)

utapewa namba moja tu, 65, ambayo ni baiti ya herufi A. Mstari ni uleule, maombi mawili tofauti. La kwanza limesema "nipe herufi hizi zilivyo". La pili limesema "zisome kama namba ya msingi wa mbili". Tokeni yetu ya biti 66, ikihifadhiwa kama maandishi, inakula baiti 66. Ikihifadhiwa kama biti, inaenea kwenye baiti 9. Mita ni kompyuta ndogo ya bei nafuu, haina nafasi ya kuchezea.

Hilo lina mwanga wa kutosha, tuliache.

Hoja ya pili: sifuri za mwanzo zina kazi

Hapa ndipo penye mambo, mtanivumilia nikikaa kidogo.

Biti 24 za muda ndani ya tokeni huhesabu dakika. Kwa mita za zamani hesabu ilianza usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1993. Tuchukue tokeni ya kufikirika iliyotolewa mwaka mmoja kamili baadaye, usiku wa kuamkia 1 Januari 1994. Siku 365 mara dakika 1,440 ni dakika 525,600. Kwa msingi wa mbili namba hiyo inaandikwa hivi:

10000000010100100000

Zihesabuni, ni biti 20. Lakini nafasi iliyotengwa ni ya biti 24. Biti 24 ni baiti tatu kamili, basi tunaongeza sifuri nne upande wa kushoto na kukata nane nane: 00001000, 00000101, 00100000. Zisomeni: 8, 5, 32. Hizo ndizo baiti sahihi. Mkitaka kuhakikisha, 8 mara 65,536, jumlisha 5 mara 256, jumlisha 32. Mtarudi kwenye 525,600.

Sasa aje kijana mwenye haraka. Anauchukua mfuatano wa biti 20 kama ulivyo na kuanza kukata nane nane kutoka kushoto. Anapata 10000000, kisha 01010010, kisha kipande kilichobaki, 0000. Anaandika 128, 82, 0. Programu hailalamiki. Hakuna maandishi mekundu, hakuna kengele. Baiti tatu zimeombwa, baiti tatu zimetoka. Lakini zikisomwa kama dakika ni 8,409,600, na ukizihesabu tangu 1993 unaangukia tarehe 28 Desemba 2008. Karibu miaka 15 imeongezeka kwa sababu ya sifuri nne ambazo mtu aliona hazina thamani.

Darasani tunafundisha kwamba sifuri ya mwanzo haibadilishi namba, na ni kweli: 007 ni 7. Walimu wa hesabu msinigeuke. Lakini safu ya baiti si namba tu. Ni namba iliyokaa ndani ya nafasi yenye upana uliokubaliwa, na ndani ya nafasi hiyo sifuri ya mwanzo inashikilia kiti. Ukiiondoa, wote walioketi kulia kwake wanasogea.

Python ina njia inayokuwezesha kutaja upana:

int("10000000010100100000", 2).to_bytes(3, "big")

Ile 3 ni upana, baiti tatu. Huwezi kuisahau bila kujua: ukiandika pungufu ya zinazohitajika, Python inagoma kabisa kuendelea. Mimi napenda lugha inayogoma. Lugha inayokukubalia kila kitu inakulea vibaya.

Sifuri hizi zinapotea mahali pengi, na wala si kwa waandishi wa programu peke yao. Makarani na wahasibu mliopo hapa, mnaweka kumbukumbu za manunuzi ya umeme wa ofisi kwenye Excel. Bandikeni tokeni ya tarakimu 20 ndani ya kisanduku cha kawaida, muone. Excel itaichukulia kuwa namba. Namba kwa Excel ina tarakimu 15 za uhakika, kwa hiyo tano za mwisho zitageuka sifuri. Na kama tokeni ilianza na 0, sifuri hiyo nayo itayeyuka. Mwezi ujao mkaguzi akiuliza, tokeni iliyomo kwenye kumbukumbu haifanani na iliyomo kwenye risiti. Dawa ni kukiandaa kisanduku kama maandishi kabla ya kubandika. Baada ya kubandika umeshachelewa, tarakimu tano zile hazirudi.

JavaScript, lugha iliyo nyuma ya kurasa nyingi za malipo mnazofungua kwenye simu, ina ugonjwa wa ukoo huohuo. Namba zake za kawaida huwa na uhakika hadi 9,007,199,254,740,992, ambayo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 53. Zaidi ya hapo inaanza kurukaruka. Kwa tokeni inayoanza na 4 na kuendelea, kutoka namba moja ambayo JavaScript inaweza kuishika hadi inayofuata kuna pengo la 8,192. Tokeni iliyoangukia katikati ya pengo inasukumwa upande mmoja au mwingine, kimyakimya. Mwaka 2020 lugha hiyo ilirasimisha aina nyingine ya namba, BigInt, isiyo na mpaka huo. Lakini anayeandika programu lazima aiombe kwa jina. Asipoiomba, haiji.

Kwa hiyo nawaomba vijana mshike kanuni hii: tokeni, namba ya simu, namba ya kitambulisho, vyote ni maandishi mpaka utakapokuwa na sababu ya kuvigeuza. Hakuna anayejumlisha namba mbili za simu.

Hoja ya tatu: tunaanzia ncha ipi

Neno "big" kwenye amri ile ya Python lina maana kwamba baiti nzito kuliko zote inatangulia. Ungeweza kuandika "little", na nyepesi ingetangulia. Kwa dakika zetu, safu ingekuwa 32, 5, 8 badala ya 8, 5, 32. Mpokeaji asiyejua akiisoma kwa mpangilio wa kwanza anapata dakika 2,098,440, yaani tarehe 28 Desemba 1996, saa 12 kamili asubuhi. Tarehe inayoeleweka kabisa! Hilo ndilo la kuogopesha: kosa la aina hii halitoi takataka, linatoa jibu lenye sura ya jibu.

Mpangilio upi ni bora? Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika makala akiwasihi wahandisi waache vita hiyo. Majina ya kambi mbili aliyachota kwenye hadithi ya Gulliver ya Jonathan Swift, ya mwaka 1726, ambamo watu wanapigana juu ya ncha ipi ya yai ivunjwe kwanza. Vichakata vya Intel, vilivyomo kwenye kompyuta nyingi za mezani, hutanguliza nyepesi. Taratibu za intaneti hutanguliza nzito. Hakuna aliyeshinda, na maisha yanaendelea, ila kila anayetuma baiti sharti aseme ametumia upande gani.

Na si baiti tu zinazoweza kugeuzwa, hata biti ndani ya baiti moja. Perl ina amri ya kufungasha biti iitwayo pack, yenye herufi mbili za kuchagua, B kubwa na b ndogo. Mfuatano "01000001" ukifungashwa kwa B kubwa unatoa 65. Ukifungashwa kwa b ndogo unasomwa kinyumenyume na kutoa 130. Tofauti ya herufi kubwa na ndogo kwenye kibodi, basi.

Hoja ya nne: lumbesa ya biti

Mkoa wa Njombe hauhitaji kufafanuliwa lumbesa. Gunia limejaa, limefungwa, halafu juu yake mnunuzi anataka lishonewe kilemba cha viazi vya ziada. Wakala wa Vipimo wanapiga marufuku, na wakulima mnajua uchungu wake. Mfuatano wa biti usiogawanyika kwa nane ni lumbesa: magunia yamejaa na bado kuna viazi juu. Swali la mwandishi wa programu ni hilohilo la kwenye mizani: kilichozidi kinawekwa wapi?

Chukueni mfuatano wa biti kumi, 0100000101. Nitautia kwenye baiti kwa njia nne, zote zinazotumika, na nitapata majibu manne.

Nikiusoma wote kama namba moja na kuuweka kwenye baiti mbili kwa Python, namba ni 261, baiti ni 1 na 5. Kilichozidi kimekwenda mwanzoni, sifuri zikaongezwa kushoto.

Nikiukata nane nane kutoka kushoto na kukisoma kila kipande peke yake, napata 65, na kipande cha "01" ambacho ni 1. Baiti ni 65 na 1.

Nikitumia pack ya Perl yenye B kubwa, kipande cha mwisho kinajaziwa sifuri upande wa kulia, "01" inakuwa 01000000. Baiti ni 65 na 64.

Na kwa b ndogo, ni 130 na 2.

Mstari mmoja, majibu manne, na hakuna hata moja lililo kosa. Kijana akiniuliza, "Mwalimu, lipi sahihi?" namjibu kwa swali: aliyeutengeneza mfuatano huo alikubaliana nini na wewe? Kama hakuna andiko la makubaliano, hakuna sahihi. Ndiyo maana nasema kazi hii si ya kukariri amri. Amri ni mstari mmoja, utaikuta popote. Kazi ni kusoma kiwango.

Turudi kwenye LUKU, tuone waliokubaliana walifanyaje. Biti 66 ni baiti 8 na biti 2 za kilemba. Zile 64 hufichwa kwa ufunguo wa siri wa mita husika. Mbili za daraja hazifichwi, kwa sababu mita inazihitaji ijue ni tokeni ya namna gani kabla ya kufumbua. Sasa zikae wapi? Wangeweza kuzibandika mbele. Hawakufanya hivyo. Walizichomeka katikati, kwenye nafasi ya 28 na ya 27 ukihesabu kutoka kulia na kuanzia sifuri. Na biti mbili zilizokuwa zimekaa hapo zikahamishiwa mwanzoni kabisa, nafasi ya 65 na ya 64. Kwa Python, kuzirudisha kwao kunachukua mistari hii:

biti = format(int(tokeni), "066b")
daraja = biti[37:39]
fungu = biti[2:37] + biti[0:2] + biti[39:]
baiti = int(fungu, 2).to_bytes(8, "big")

Itazameni ile 066b. Ile 66 ni upana, na sifuri iliyo mbele yake inamaanisha "jaza sifuri kushoto". Ukiiandika b peke yake, tokeni inayoanza na tarakimu ndogo itatoa biti 65, 64 au pungufu, na vipande vyote vinavyofuata vitakatwa mahali pasipo pake. Utaona programu inafanya kazi Jumatatu na kuharibika Jumanne, kwa tokeni nyingine. Hoja ya pili imerudi kwa mlango wa nyuma.

(Wapo vijana wananitazama kwa jicho la biashara. Hapana. Baiti nane mlizopata bado zimefichwa, na bila ufunguo wa mita hiyo hamjui dakika wala uniti. Na tokeni iliyokwisha kuingizwa, mita inaikumbuka, haiingii mara ya pili.)

Kuna lumbesa nyingine mnaibeba kila siku bila kujua, nayo ni ujumbe mfupi wa simu. Mbona ujumbe una herufi 160? Kwa sababu nafasi ya ujumbe ni baiti 140, na kila herufi imepewa biti saba badala ya nane. 140 mara nane ni 1,120. 160 mara saba ni 1,120. Herufi zinabanwa, ya pili inaazima biti moja iliyobaki kwenye baiti ya kwanza, ya tatu inaazima mbili, na kuendelea, hadi herufi nane zinaingia kwenye baiti saba. Na kwa bahati, jina la kijiji hiki lina herufi nane. Nililifungasha kwa kalamu ili nije nalo. Lugarawa, ndani ya ujumbe wa simu, ni:

204, 250, 57, 44, 15, 223, 195

L ni 76, biti zake saba ni 1001100. Herufi u ina biti 1110101. Biti ya mwisho ya u, ambayo ni 1, inachukuliwa na kuwekwa mbele ya L: 11001100, ndiyo hiyo 204. Inayofuata, biti sita zilizobaki za u zinapokea mbili za g, tunapata 11111010, ndiyo 250. Endeleeni wenyewe, mtaona kwamba ya mwisho, 195, imebeba a nzima na biti moja ya w.

Kiswahili kinafaidika sana hapa, kwa kuwa herufi zetu zote zimo kwenye jedwali hilo la biti saba. Isipokuwa mtego mmoja. Mkiandika ng'ombe kwa alama iliyonyooka, ile ya kibodi ya kawaida, mambo ni sawa. Lakini ukiandika ujumbe kwenye kompyuta, programu ya uandishi huipinda alama hiyo ipendeze. Alama iliyopinda haimo kwenye jedwali. Papo hapo ujumbe wote unahamia kwenye biti 16 kwa kila herufi, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ofisi inayotuma tangazo la chanjo ya ng'ombe kwa wafugaji wa kata nzima inaweza kulipia ujumbe maradufu kwa sababu ya mkato mmoja. Afisa mifugo, naona umeandika. Vizuri.

Hoja ya tano: nafasi hujaa

Biti 24 zinahesabu dakika 16,777,216, hazizidi. Ni miaka 31 na miezi kama kumi na moja. Kuanzia 1 Januari 1993, zilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Dakika iliyofuata ingeandikwa sifuri tupu, na mita ingeiona tokeni mpya kuwa ya kale kuliko zote ilizowahi kupokea, ikaikataa. Hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Kila nchi inayotumia STS ilikuwa inaisubiri tarehe ileile.

Mnakumbuka zoezi la kuboresha mita mwaka ule. Ulinunua umeme ukapewa mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya moja, ukaambiwa uingize mawili ya mwanzo kwa mpangilio, ndipo la tatu lenye uniti. Mtaani maneno yalikuwa mengi, wengine wakadhani ni namna mpya ya kukata pesa. Yale mawili yalikuwa yanabadilisha ufunguo wa mita, na kuanzia hapo hesabu ya dakika ikahamia mwanzo mpya, 1 Januari 2014. Kwa nini mawili? Kwa sababu ufunguo mpya una biti 64, na tokeni moja ikishatoa nafasi ya maelezo mengine na uhakiki haiwezi kuubeba mzima. Ukakatwa nusu kwa nusu. Biti 32 huku, biti 32 kule.

Sipendi kuwalaumu waliochagua biti 24. Kila biti waliyoongeza ingemrefushia mama aliyesimama mbele ya mita tarakimu za kubonyeza, na waliacha mlango wa kubadilisha ufunguo tangu mwanzo. Wapo waliochagua bila kuacha mlango. Kompyuta nyingi zilikuwa zikihesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 katika biti 32, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa. Hesabu hiyo inajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu za Afrika Mashariki saa 12 na dakika 14 asubuhi. Mifumo mikubwa imeshahamia biti 64. Hofu iko kwenye vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa: mashine za maabara, vidhibiti vya mitambo ya maji, vifaa vya mahudhurio. Watu wa hospitali na wa mitambo ya umeme wa Madope, nendeni mkaorodheshe mlivyo navyo, mwaka wa kutengenezwa na jina la mtengenezaji. Ni kazi ya siku chache kwa mtu mwenye daftari.

Na mita za LUKU? Mwanzo mpya wa 2014 nao una dakika zilezile 16,777,216. Utajaa tarehe 24 Novemba 2045. Vijana wa kidato cha pili mlioko nyuma, mtakuwa na miaka thelathini na kitu. Zoezi la kubadilisha ufunguo litakuja tena, na mtu atalazimika kuandika programu ya kulipima kabla halijafika kwa wananchi. Ningependa awe ametoka bonde hili, awe amejua tangu sekondari kwamba sifuri ya mwanzo haitupwi.

Kwa hiyo nawapa kazi. Tafuteni tokeni zilizokwisha kutumika, za nyumbani kwenu au za jamaa walioko Makambako. Ziandikeni kama maandishi, zipitisheni kwenye mistari ile minne, mniletee biti mbili za daraja. Tokeni ya umeme wa kawaida itawapa 00. Mwenye kuhifadhi ujumbe wa zoezi la 2024 azipime zile mbili za mwanzo, atapata 10, daraja la pili, la kuihudumia mita. Atakayepata kitu kingine aanze kwa kuhesabu biti zake kama zimefika 66. Wasio na kompyuta wafanye kwa kalamu kugawa kwa mbili, ni mara 66, inachosha lakini inafika.

Mwenyekiti, naomba ufungue maswali, na ningefurahi la kwanza litoke kule nyuma.